Kelele Zilizoondolewa

Kituoni, Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu,

Barua zako tatu nimezipata, zote chini ya sponji ya sanduku la vihisi, mahali petu palepale. Samahani kwa kukaa kimya. Simu siishiki kwa sababu kila anayepiga ananipa pole, nami nikipewa pole inabidi niseme asante, na asante zimeniisha. Barua haimkodolei mtu macho ikingoja jibu.

Ya kazi kwanza. Vihisi vya joto vyote vitatu vinasoma. Kihisi C kimeonyesha nyuzi 31.4 kwa siku ya tisa mfululizo, na usidhani kimeharibika, nimekilinganisha na kipimajoto cha mkononi. Matumbawe yamepauka kuanzia kwenye boya hadi kwenye bega la mwamba. Yale makubwa ya mviringo yamebaki na rangi upande wa kivulini tu, kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa halafu kinyozi akaitwa nje. Kihisi cha mwanga nimekisugua. Sikio, kinasa sauti chetu cha chini ya maji, nimelibadilishia betri. Kadi tano zimo, kila moja na mfuko wake.

Wameniletea mzamiaji wa mkataba. Sheria mpya inasema wawili wasiachane zaidi ya urefu wa mkono, naye ameishika sheria hiyo kama kiapo. Nahodha wa boti amemwita Kupe. Nikigeuka namkuta, nikirudi nyuma namkanyaga. Ni baba wa watoto wanne na hana ubaya wowote, ila siku moja nitamng'oa kwa kibanio.

Leo ni siku ya arobaini na sita tangu mume wangu afe. Najua kwa kuhesabu, si kwa kuumia. Nikijigusa pale panapotakiwa kuuma hapaumi. Naamka, napiga mswaki, najaza mitungi hewa, nashuka, napanda, naandika namba. Watu wanasema nimejikaza. Sijajikaza, sina cha kukaza.

Sasa jambo langu. Alhamisi ile, tarehe 18 Januari, Sikio lilikuwa linanasa. Liko mita mbili tu kutoka pale nilipokuwa nasugua kihisi C. Yeye alikuwa upande wa pili wa bega la mwamba, mita thelathini, akipiga picha za matumbawe yenye vibao vya namba. Unajua huko chini hatuna mdomo, tunaitana kwa kugonga mtungi wa hewa kwa mpini wa kisu. Nilipomfikia alikuwa ameshakufa, na kisu kiko mkononi.

Kadi ya siku ile niliipakia mimi mwenyewe. Huku sina programu ya kuifungua, wewe unayo. Nakuomba unisikilizie kitu kimoja: aligonga kwa muda gani kabla ya kunyamaza? Sitaki maelezo mengine. Nataka dakika.

Dada yako

*

Mjini, Ijumaa, 8 Machi

Dada,

Mama kasema nianze barua kwa adabu, maana mimi huwa naanza katikati kama mtu aliyerukia gari. Kwa hiyo: shikamoo dada. Nimeanza.

Barua yako ilinifurahisha mpaka nikaisoma na ile orodha ya betri. Mama naye akataka asomewe. Nilimsomea ya Kupe akacheka, ya siku arobaini na sita nikairuka. Akaniambia, "Umeruka kitu. Soma." Nikamsomea. Akasema, "Huyo mtoto tangu azaliwe halii, anahesabu. Alipovunjika mkono alikaa anahesabu vigae vya hospitali." Anakuomba uje nyumbani walau wiki moja. Chumba chako tumekitoa mabegi.

Mama pia aliniuliza kwa mara ya elfu moja kazi yangu ni nini hasa. Nikamwambia: mwamba wa matumbawe ukiwa mzima una kelele, kamba wadogo wanadatisha magando, samaki wanaguguna, ukisikiliza ni kama mafuta yanachemka kwenye kikaango. Ukianza kufa, moto unapungua. Mimi nakaa ghorofa ya pili na visikizi masikioni, napima kikaango kinavyopoa. Akasema, "Na serikali inakulipa kwa hilo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usimwambie mtu."

Kinapoa kweli, dada. Februari kelele zimeshuka kwa robo nzima. Nitakuletea ripoti ya robo mwaka umpe mkuu wa kituo.

Kuhusu kadi ya tarehe 18. Imeharibika. Maji ya chumvi yaliingia, nimejaribu kila njia haifunguki. Ni hiyo moja tu, nyingine ziko salama. Bahati mbaya, ndivyo vyombo vilivyo.

Lakini dada, tuseme ingefunguka, ingekuambia nini ambacho daktari hakusema? Alisema moyo ulisimama. Shemeji angekuwa kitandani, angekuwa foleni ya benki, ingekuwa ileile. Usijitafutie mwiba pasipo na mwiba. Njoo nyumbani, ule, ulale, Mama akuchokoze.

Ni mimi mdogo wako

*

Kituoni, Jumatatu, 18 Machi

Mdogo wangu,

Basi. Kama imeharibika imeharibika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa kuwa kadi haipo, shahidi hayupo, na kwa kuwa hayupo naweza kusema. Nimejichunguza nikaona ndivyo nilivyo, kweli inanitoka pale tu ambapo haiwezi kunishtaki. Hii usimsomee Mama.

Ulimjua shemeji yako. Alikuwa hawezi kuona kitu peke yake. Pweza akijibanza kwenye tundu, anagonga. Kaa aliyejitwika kifuniko cha chupa, anagonga. Siku moja aliniita kutoka mita ishirini, nikaacha kazi nikaogelea mbio, nikakuta ananionyesha kiatu. Kiatu, tena cha mguu mmoja. Wiki ile tulikuwa nyuma ya ratiba. Nikamwambia kwenye boti, nahodha akiwa anasikia, "Leo ukinigongea kwa ajili ya pweza nakunyang'anya hicho kisu." Akasema, "Na akiwa pweza mzuri sana?" Nahodha alicheka. Sasa kila asubuhi nahodha ananipa kikombe cha chai mkononi bila kunitazama usoni, nami najua anaukumbuka mzaha ule kama ninavyoukumbuka mimi.

Mimi ndiye niliyesema tugawane kazi tumalize mapema. Wawili hawatakiwi kuachana chini ya maji, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua. Tulikuwa tunaachana hivyo mwaka wa sita.

Aligonga, mdogo wangu. Mara tatu. Nilisikia vizuri kabisa. Nikajua ni pweza. Nikatabasamu, na nilitabasamu sana mpaka barakoa ikaachia shavuni maji yakaingia, ikabidi nisimame niyatoe. Halafu nikasema moyoni, leo hapana, leo atajifunza. Nikampa mgongo. Akagonga tena. Nikasugua kwa nguvu ili brashi imzidi.

Nilikuja kugeuka hewa ilipofika kwenye alama ya kurudi. Nikazunguka bega la mwamba nikiwa nimeandaa ishara ya kumgombeza. Alikuwa amekaa mchangani, mgongo kwenye mwamba, kamera inaelea kwenye kamba yake. Nilidhani anaendelea kunitania.

Mkuu wa kituo aliniuliza, "Hukusikia kitu, sivyo?" Swali lilikuja limebeba jibu lake. Nikasema sikusikia. Imeandikwa hivyo na nimetia saini.

Sasa hesabu yangu ndiyo hii. Kutoka alipogonga mara ya kwanza hadi nilipogeuka ni dakika ishirini na kitu, labda ishirini na tano. Kisu kilikuwa mkononi, kwa hiyo aligonga mpaka mwisho, na mwisho sijui ulikuwa wapi. Kwa hiyo anagonga zote. Nikikoroga chai anagonga. Nikifunga mikanda ya mitungi anagonga. Kupe anaponivuta pezi kuniuliza kama niko sawa namwonyesha kidole, niko sawa, na kule nyuma anagonga. Sina machozi wala hasira, nina hizo dakika tu. Mtu angeniambia aligonga dakika tatu akanyamaza, au hata kumi, ningejua nabeba nini. Ila ndiyo hivyo, chumvi imekula.

Kihisi B kinapoteza sekunde mbili kila siku, nimekirekebisha saa. Joto 31.6. Kadi tano zimo.

Dada yako

*

Mjini, Jumamosi, 23 Machi

Dada,

Nimesoma. Niliisomea ofisini, nikaenda kusimama chooni mpaka mtu akagonga mlango akiuliza kama ninaumwa.

 Usijilaumu: neno hilo nimeliandika nikalikata mara tatu, kwa sababu najua utakachosema. Lakini kweli usijilaumu. Mtu aliyeita kwa mchezo miaka sita hawezi kulaumu aliyedhani ni mchezo. Nadhani yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuambia.

Mama sikumsomea. Ameniuliza barua imesemaje, nikasema inasema joto limepanda. Akasema, "Limepanda wapi?" Huwezi kumdanganya, unaahirisha tu.

Ripoti ya robo mwaka hiyo hapo kwenye bahasha kubwa, nakala mbili, ya mkuu wa kituo na ya kwako. Nimeifanya wiki mbili bila kupumzika, ofisi nzima imeisifu. Michoro yote imekamilika. Ikusaidie kuona kwamba kazi yenu huko chini haipotei.

Nitaandika zaidi nikitulia. Sasa hivi kalamu haitaki.

Mdogo wako

*

Kituoni, Jumatatu, 1 Aprili

Wewe,

Ripoti yako ni nzuri. Nimeisoma yote, pamoja na viambatisho, kwa sababu siku hizi nasoma chochote kinachowekwa mbele yangu, hadi maelekezo ya kwenye kopo la rangi.

Ukurasa wa sita una mchoro wa kelele za mwamba, siku kwa siku, Januari hadi katikati ya Machi. Kila siku ina nukta yake. Nimezihesabu, si unajua nahesabu. Januari ina nukta thelathini na moja. Nikaweka rula kwenye tarehe 18. Ina nukta. Chini kabisa, kwa yale maandishi madogo kama sisimizi, umeandika: *Tarehe 18 Januari, saa 3:20 hadi 4:31 asubuhi: kelele za binadamu zimeondolewa.*

Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na yako haikufika hata kwenye kona. Uliweza kunidanganya mimi, dada yako niliyekubeba mgongoni. Kuudanganya mchoro ukashindwa. Hukuweza kuliacha pengo.

Sikukasirika kwa kuwa ulidanganya. Hata kukasirika sijakasirika vizuri, nimejaribu hakuji. Nimekaa tu na hilo neno. Zimeondolewa. Mimi nilimwona akitolewa majini, nikamwona akitolewa kwenye boti, nikamwona akitolewa nyumbani. Sikujua kwamba na wewe ulikuwa unamtoa kwenye faili.

Umeisikia. Huwezi kuikata saa moja na dakika kumi na moja bila kusikia imeanzia wapi na kuishia wapi. Miezi miwili unajua, unaniandikia habari za vigae na mabegi, na wiki mbili zilizopita nimekueleza kila kitu, ukajibu kwamba kalamu haitaki.

Itake. Aligonga dakika ngapi? Usinipe pole, usinitajie daktari. Nipe namba.

Dada yako

*

Kituoni, Jumatatu, 15 Aprili

Mdogo wangu,

Sanduku limerudi. Betri nane, kadi tupu tano, mfuko wa mipira ya kuzuia maji. Barua hakuna. Nimetoa sponji yote, nimeichana.

Joto 31.1. Matumbawe yaliyopauka mwezi uliopita sasa yameota mwani, ndiyo kusema hayo basi. Hakuna la kufanya nayo, tunayapima tu.

Nasubiri. Siendi popote.

Dada yako

*

Mjini, Ijumaa, 19 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sina utani.

Kwanza ujue ilivyotokea, si kwa kujitetea. Kadi ile niliifungua tarehe 29 Januari. Tulikuwa tumeshamzika, nimerudi kazini, kichwa hakipo. Sheria yetu ni kwamba kabla ya kuhesabu sauti za mwamba tunatoa kelele zote za watu: injini ya boti, mapovu ya wazamiaji, brashi. Kwenye kioo zinaonekana kama mistari minene, hata huhitaji kusikiliza, unaziba na kukata. Nilikata. Nikaendelea na tarehe 19. Nilikuwa kwenye tarehe 24 nilipotazama tena orodha ya tarehe, ndipo nikajua nilichokikata. Kipande kilichokatwa huwa tunakihifadhi kando. Nikakirudia, nikavaa visikizi.

Nimekisikiliza mara tatu. Sitaki kukisikiliza mara ya nne, kwa hiyo nimekaa na saa na karatasi nikaandika kama ripoti. Uliomba namba.

Saa 3:20, mnashuka wawili. Pumzi zako ziko karibu na zina sauti, za shemeji ziko mbali na nyembamba, lakini Sikio linazipata zote. Kila mtu ana mwendo wake wa kupumua, nawatofautisha bila shida.

Saa 3:41 na sekunde kumi, anagonga mara tatu. Brashi yako inasimama sekunde sita. Inaendelea.

Saa 3:42, anagonga mara tatu. Brashi haisimami, inaongezeka.

Saa 3:43 kasoro kidogo, anagonga mara moja. Hiyo ni ya mwisho. Haina nguvu kama za mwanzo.

Pumzi zake zinaendelea, fupifupi. Ya mwisho ni saa 3:45 na sekunde tano.

Ni hivyo. Aligonga kwa muda usiofika dakika mbili. Kutoka kugonga kwa kwanza hadi pumzi ya mwisho ni dakika nne kasoro sekunde tano. Niandike nne.

Sitakudanganya tena hata kwa nia njema. Mita thelathini kwa mapezi ni dakika moja, ukikazana ni pungufu. Ungegeuka mara ya kwanza ungemkuta anapumua. Kama ungemwokoa, sijui. Daktari anasema hapana, na daktari hakuwepo. Mimi nadhani usingemwokoa, ila angekuona.

Barua yako ya pili ilinikuta nina hiyo dawa mkononi, dakika ulizozitaka, nikashindwa kukupa. Utauliza kwa nini. Si kwa sababu ya zile nne. Ni kinachofuata baada yake, na sikuweza kukupa cha mwanzo bila cha mwisho, kwa sababu ungeniuliza, "Halafu?"

Kuanzia saa 3:45 hadi saa 4:07 kuna mpumuaji mmoja tu. Dakika ishirini na mbili. Brashi inakwenda, mapovu yako yanakwenda, kamba wadogo wanadata nyuma yako. Na katikati ya mapovu kuna sauti nyingine. Mara ya kwanza nilidhani ni boti. Ni wewe, dada. Unaimba. Unaimba puani, kwa raha zako, unakatisha kuvuta hewa, unaendelea. Unaimba mpaka saa 4:07.

Hicho ndicho nilichokificha. Nilisema moyoni, dada yangu asije akajua kwamba alikuwa anaimba. Nilidhani kitakuua.

Mama alinikuta nimekaa kitandani na viatu. Nikamweleza yote, nisamehe. Alinivua viatu. Kisha akasema, "Mpe chake. Hata kama ni kibaya ni chake."

Nimekupa.

Mdogo wako

*

Kituoni, Jumatatu, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatatu iliyopita. Niliisoma nimesimama bohari, kati ya mitungi, halafu nikamsaidia Kupe kupakia boti kama kawaida. Tulishuka, tukapanda. Sikuweza kujibu siku ile.

Nne. Mimi nilikuwa na ishirini na tano. Mwaka huu wote nimekuwa na mume anayegonga dakika ishirini na tano, amechoka mkono, ananishangaa. Kumbe aligonga mara saba. Nimezijumlisha, tatu na tatu na moja. Zile nyingine zote nilizigonga mimi. Tangu Jumanne amenyamaza. Sikutegemea, ilitokea tu, nilikuwa nafunga mkanda nikaona kuna ukimya, nikasimama nao kidogo.

Hizo nne nazichukua. Ni zangu, sibishani nazo. Ungegeuka ungemkuta anapumua: nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nyingine, na ahsante kwa kuiandika bila kuipaka sukari. Inaniuma. Nakuambia inaniuma kwa sababu ni habari mpya, hakuna kilichokuwa kinaniuma.

Nimemwandikia mkuu wa kituo. Mistari mitatu: nilisikia, nilidhani ni mzaha, na kuachana lilikuwa wazo langu. Aliniita ofisini akaniuliza kama nina hakika nataka iingie kwenye faili. Nikasema ndiyo. Akaiweka chini ya kibanio, akabaki anaitazama. Watakaloamua wataamua. Nahodha nilimwambia mwenyewe kwenye boti. Akasema, "Mimi pia nilicheka," basi, tukaendelea na safari. Leo asubuhi aliponipa chai alinitazama.

Ripoti yako usiibadilishe. Kwa hesabu za kamba wadogo, sisi kweli ni kelele, na mwamba una haki ya kupimwa bila sisi. Joto limeshuka, 29.8, limechelewa sana kwa upande wa boya. Nyuma ya bega, pale alipokuwa, kuna matumbawe kumi na mawili yenye vibao ambayo bado yana rangi. Picha zake za mwisho ni za hayo. Nimeyapiga tena kwa mpangilio wake.

Kile kipande kitunze. Usinitumie.

Sasa lile la mwisho, ulilodhani litaniua. Sikujua kama nilikuwa naimba. Nimejaribu kukumbuka nikashindwa. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima, nalipindua, nalitazama upande huu na huu. Mtu haimbi chini ya maji hivihivi, hewa ni ya kupimwa. Mtu anaimba kule chini akiwa ana raha. Basi asubuhi ile nilikuwa na raha. Nilikuwa nimemnunia mume wangu kwa mchezo, nasugua kihisi, nangoja aje alalamike kuhusu pweza wake, na nilikuwa na raha kiasi cha kuimba na mpira mdomoni. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, mdogo wangu. Nilikuwa nimebaki na kifo chake tu, asubuhi yenyewe ilikuwa imenipotea.

Mama atakuuliza kama nimelia. Mwambie bado. Mwambie nakuja tarehe 10, na nitakaa zaidi ya wiki.

Ila kuna kitu nakuomba, na tangu Januari sijataka kitu ambacho si namba. Najua umesema hutaki mara ya nne. Vaa hivyo visikizi mara moja tu, halafu usirudie tena. Niambie nilikuwa naimba wimbo gani.

Dada yako